Mwega wa Transista: Rai Juu ya Kufundisha Vikuza Sauti

Mchoro wa kikuza sauti chenye transista moja una vikinza vinne, kapasita tatu na betri. Mwalimu-mwanafunzi mwenye bidii aweza kuukariri kwa jioni moja, akauchora ubaoni bila kutazama daftari. Lakini mtoto wa darasa la sita akinyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kama transista ndiyo inayokuza sauti, hivi vingine vyote ni vya nini?", walimu wengi hubaki wakifuta ubao. Rai yetu katika makala haya ni kwamba swali hilo ndilo somo lenyewe. Kuikuza sauti, transista yaweza peke yake. Kutulia haiwezi. Anayefundisha ukuzaji bila kufundisha utulivu amefundisha nusu ya jambo, tena nusu iliyo nyepesi.

Twaandika tukiwafikiria hasa wenzetu watakaopangiwa shule za Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Huko redio na kipaza sauti si mapambo ya nyumba. Mwaka 1973, wakati Mkoa wa Kagera ulipokuwa ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Kazi kubwa namna ile isingewezekana vijijini bila redio ndogo za transista, zinazokwenda kwa betri kavu na kuvumilia vumbi, jua na baridi ya alfajiri. Karagwe yenyewe ina redio yake ya jamii, FADECO, iliyoanza katika mwaka 2007. Na pasipo redio kuna vikuza sauti vya kanisani, vya msikitini, vya mnadani na vya mikutano ya kijiji. Vyote hivyo huharibika, na mara nyingi anayevitengeneza ni kijana aliyemaliza shule ya msingi, akajifunza ufundi kwa kutazama.

Hapo ndipo twaona hasara ya somo la kukariri. Fundi asiyejua sababu ya vikinza vile huona transista imeungua, huitoa, hutia nyingine. Nayo huungua. Hutia ya tatu. Mteja hulipa mara tatu kwa kosa lililokuwa katika kikinza cha bei ndogo kuliko kiberiti. Kijana huyo hakukosa akili wala bidii. Alikosa jibu la swali lile la darasa la sita.

Basi tuitazame tabia ya transista jinsi ilivyo. Ina miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Mkondo mdogo unaoingia katika beisi huongoza mkondo mkubwa upitao kutoka kolekta kwenda emita. Mkondo wa kolekta ukigawanywa kwa ule wa beisi twapata kiasi cha ukuzaji, ambacho mafundi hukiita gein. Mpaka hapo vitabu vyote vyakubaliana. Jambo linalopitwa kwa haraka ni hili: gein haina kipimo kimoja. Chukua transista ya silikoni iitwayo BC547, ambayo hupatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo. Watengenezaji wenyewe hueleza kwamba gein yake yaweza kuwa 110 na yaweza kuwa 800. Ndiyo maana huongeza herufi A, B au C mwishoni mwa jina ili kuzitenga kwa makundi, na hata ndani ya kundi moja tofauti yaweza kuwa maradufu. Ni kama debe ambalo katika duka hili lina kilo kumi na katika duka lile kilo sabini, na yote mawili yameandikwa "debe". Hakuna mkulima wa maharage ambaye angekubali. Sisi twawaambia wanafunzi, "Tia BC547," kana kwamba tumewapa kipimo kamili.

Twashauri, kwa hiyo, mwalimu aanze na mzunguko mbovu. Pendekezo hili huwashangaza baadhi ya wenzetu, ambao husema mtoto asionyeshwe kibaya kabla ya kizuri. Katika kufundisha kusoma pengine wana haki. Katika umeme, mtu asiyeona tatizo hatajua thamani ya dawa.

Mzunguko mbovu una vikinza viwili tu. Betri ni ya volti 9, yaani mawe sita ya volti moja na nusu yaliyofuatanishwa. Kikinza cha omu 3,900 chatoka upande chanya kwenda kolekta. Kikinza kikubwa cha omu milioni 1.8 chatoka upande huohuo kwenda beisi. Emita yaunganishwa moja kwa moja na upande hasi. Sasa tupige hesabu. Kati ya beisi na emita transista ya silikoni hushika volti 0.65 hivi; zinazobaki, 8.35, zikigawanywa kwa kikinza kile kikubwa zatupa mkondo wa beisi wa maikroampea 4.6. Tukipata transista yenye gein ya 200, mkondo wa kolekta utakuwa miliampea 0.93, nayo kolekta itakaa kwenye volti 5.4. Hapo ni pazuri. Mtu asimamaye katikati ya ngazi aweza kupanda na aweza kushuka, na sauti haitaki zaidi ya hayo: kuipandisha na kuishusha volti ya kolekta pande zote mbili bila kugonga juu wala chini. Mahali hapo pa kusimama kabla sauti haijaja twapaita nukta ya utulivu.

Toa transista hiyo, tia nyingine yenye jina lilelile lakini gein ya 400. Mkondo wapanda hadi miliampea 1.86, nayo kolekta yaanguka hadi volti 1.8. Tia ya gein 500: hesabu yadai kikinza cha kolekta kile volti zote tisa, jambo lisilowezekana, na transista yabaki imefunguka kabisa, haipandi wala haishuki. Sauti hutoka imekatwakatwa, au haitoki. Hakuna kilichoungua. Hakuna waya uliokatika. Fundi wetu atakagua kila kiungo asione kosa, kwa maana kosa limo katika mpango wa mzunguko.

Baada ya darasa kuliona hilo kwa mita, si kwa maneno, ndipo mwalimu alete vikinza viwili vingine. Kikinza cha omu milioni 1.8 huondolewa. Mahali pake huwekwa vikinza viwili vinavyogawana volti: kimoja cha omu 47,000 kutoka upande chanya hadi beisi, na kingine cha omu 10,000 kutoka beisi hadi upande hasi. Kisha kikinza cha omu 1,000 huingizwa kati ya emita na upande hasi. Vikinza viwili vya kwanza huishikilia beisi karibu na volti 1.5, wala hazijali sana ni transista gani imetiwa. Kazi yenyewe hasa hufanywa na kile cha emita. Mkondo ukitaka kupanda, volti juu ya kikinza cha emita nayo hupanda. Beisi imeshikiliwa, haikupanda. Basi tofauti kati ya beisi na emita hupungua, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiifungua transista. Transista hujifunga kidogo, mkondo hurudi. Mkondo ukishuka, mambo huenda kinyume, na transista hujifungua kidogo.

Hesabu yake yapendeza kuliko maelezo. Kwa transista ya gein 100 mkondo wa kolekta ni miliampea 0.85, kwa ya 200 ni 0.89, kwa ya 400 ni 0.91. Gein imezidi mara nne, na mkondo haukuzidi hata sehemu moja ya kumi. Kolekta yabaki kati ya volti 5.7 na 5.5. Twawasihi walimu-wanafunzi waifanye hesabu hii wenyewe kwa kalamu kabla ya kuamini tulivyoandika, kisha waipime.

Watoto hawatafanya hesabu hiyo, wala hawahitaji. Lakini mtoto wa Nkwenda au Nyaishozi amekwisha kuona jambo lenyewe shambani. Mgomba wenye mkungu mzito huegemezwa kwa mti wenye panda, yaani mwega. Mti huo hauzai ndizi hata moja. Bila huo, upepo wa usiku mmoja humaliza kazi ya miezi mingi. Vikinza vyetu vitatu ni miega. Havikuzi sauti, na kwa kweli, kama tutakavyoona, vyala sehemu yake. Mwalimu akimjibu mtoto hivyo, jibu limekamilika kwa umri wake, na halitahitaji kukanushwa atakapofika sekondari. Mfano wa bomba la maji, unaopendwa mno katika vitabu, twaona haufai kwa somo hili. Waeleza jinsi mkondo mdogo unavyoongoza mkubwa, lakini bomba halifunguki lenyewe jua likipanda.

Na transista hufunguka. Hapa twafika kwenye joto, ambalo kwa nyanda za juu za Karagwe, penye asubuhi za koti na adhuhuri za kutafuta kivuli, si habari ya vitabuni. Transista ya silikoni ikipata joto, volti inayohitajiwa kati ya beisi na emita ili kupitisha mkondo uleule hupungua kwa milivolti 2 hivi kwa kila digrii moja ya sentigredi. Jaribio lake halina gharama. Pima volti kati ya beisi na emita katika mzunguko unaofanya kazi, kwa mita ya tarakimu. Mwambie mtoto aishike transista kwa vidole viwili, bila kugusa miguu yake. Joto la vidole likiipandisha digrii kumi, mita itashuka kwa milivolti zipatazo 20 mbele ya macho yao. Akiachia, yarudi polepole. Katika majaribio yote ya umeme tunayoyajua, machache humfanya mtoto acheke kwa mshangao kama hili, kwa sababu mashine imesikia mkono wake.

Maana yake ni nini? Kama beisi ingeshikiliwa na emita isiwe na kikinza, digrii kumi zingetosha kuufanya mkondo uzidi maradufu. Mkondo ukizidi, transista hupata joto zaidi. Joto likizidi, mkondo huongezeka tena. Katika transista ndogo ya hatua ya kwanza mkondo wenyewe ni mdogo na kikinza cha kolekta huuzuia. Katika zile kubwa za mwisho, zinazosukuma spika, mzunguko huo wa joto na mkondo huishia katika moshi. Ndiyo maana huko huwekwa vipande vya bati vya kupunguza joto, na pembeni mwa transista huwekwa dayodi inayopata joto pamoja nazo na kupunguza volti ya beisi kwa kiasi kilekile. Yule fundi aliyebadilisha transista tatu angaliitazama dayodi hiyo kwanza. Katika mzunguko wetu wenye kikinza cha emita, digrii 20 huongeza mkondo kwa miliampea 0.04 tu. Transista za jerimani za redio za zamani zilikuwa na tabu zaidi, kwani mkondo uvujao ndani yake huongezeka haraka kwa joto, na anayekutana na redio ya namna hiyo sandukuni mwa babu asishangae ikikoroma mchana na kuimba vizuri usiku.

Tuseme pia kile ambacho miega hii haifanyi, maana mwalimu akiisifu kupita kiasi ataaibishwa na mita. Betri ikichoka kutoka volti 9 hadi 6, volti ya beisi hushuka nayo, na mkondo hupungua chini ya nusu. Kikuza sauti chaendelea kufanya kazi, kwa kuwa kolekta bado iko mahali pa kupanda na kushuka, lakini nguvu imepungua. Mwega wa mgomba nao hausaidii pasipo mvua.

Kuna gharama nyingine, nayo ndiyo fumbo linalowatatiza walimu-wanafunzi wengi. Kikinza cha emita hakichagui. Hupinga mabadiliko yaletwayo na joto, na hupinga vilevile mabadiliko yaletwayo na sauti. Kwa hiyo kikuza sauti chetu, kabla ya kuunganishwa na hatua inayofuata, hukuza mara nne tu hivi: 3,900 kwa 1,000. Ndipo ile kapasita ya maikrofaradi 100 huwekwa sambamba na kikinza cha emita. Sauti ni mtikisiko, na kapasita huupitisha mtikisiko kama kwamba kikinza hakipo. Joto ni mabadiliko ya polepole, na kapasita huyazuia. Kwa joto mwega upo. Kwa sauti haupo. Ukuzaji warudi hadi mara 140 kwa hesabu. Twaona hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote katika mchoro mzima, na ndipo darasa nyingi hupapita kwa sentensi moja: "kapasita hii ni ya kuimarisha sauti."

Jambo hili la kurudisha sehemu ya kitokacho ili kukizuia kiingiacho laitwa mrejesho hasi. Lina historia ambayo mwalimu afaa kuijua. Tarehe 2 Agosti 1927, Harold Black, mhandisi wa maabara ya Bell huko Marekani, alikuwa katika kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Kwa miaka kadhaa alikuwa ametafuta namna ya kuvituliza vikuza sauti vya simu za masafa marefu. Wazo lilimjia majini, akaliandika juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo: kubali kupoteza sehemu kubwa ya ukuzaji, nawe utapata utulivu. Transista yenyewe ilipatikana katika maabara hayohayo mnamo Desemba 1947, kwa kazi ya Bardeen na Brattain. Yaani dawa ilitangulia ugonjwa kwa miaka ishirini. Ndugu yake mrejesho hasi, mrejesho chanya, hahitaji kutambulishwa: kila mtoto aliyehudhuria mkutano amesikia spika ikipiga yowe mzungumzaji aliposogeza maikrofoni karibu nayo. Sauti yatoka, yaingia tena, yakuzwa tena. Anza na yowe hilo, kisha uliza: ingekuwaje kama kinachorudi kingepunguza badala ya kuongeza?

Tumepanga transista kwa namna moja tu, ile ya emita ya pamoja. Zipo nyingine mbili. Katika kolekta ya pamoja volti haikui, lakini transista yaweza kusukuma mzigo mzito, na kwa hiyo hutumika karibu na spika. Katika beisi ya pamoja kiingilio ni chepesi mno, na twaikuta katika sehemu za redio zinazopokea mawimbi ya kasi kubwa. Inatosha mwalimu azitambue. Miega ni ileile katika zote tatu, na hilo ndilo la kuzingatia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya sekondari au ya chuo cha ufundi, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi atosheke na betri, waya na balbu. Hatukubali. Hatusemi mtoto afundishwe kila tulichoandika. Twasema mwalimu ajue zaidi ya anachofundisha, la sivyo atawanyamazisha watoto wanaouliza, na watoto wanaonyamazishwa mara mbili hawaulizi mara ya tatu. Wengine husema transista moja-moja imepitwa na wakati, kwani vikuza sauti vya leo vyote vimo ndani ya kipande kimoja cheusi. Ni kweli. Lakini ndani ya kipande hicho mna transista nyingi zinazotulizwa kwa mrejesho uleule, na vikinza vichache vilivyobaki nje yake vimewekwa hasa kwa kazi ya mrejesho. Fundi asiyeujua atavitoa kwa kudhani ni ziada.

Vifaa si udhuru mkubwa. Redio mbovu haikosekani kwa fundi wa Kayanga au Omurushaka, na moja tu yaweza kutoa vikinza vya mwaka mzima. Ubao wenye misumari na waya za kusokota hutosha. Kulehemu si lazima, na watoto wasilehemu, kwa kuwa lehemu ya kawaida ina risasi. Inapofika zamu ya kuieleza lehemu, hata hivyo, mwalimu wa Kyerwa ana neno ambalo mwenzake wa Dodoma hana: sehemu kubwa ya lehemu ni bati, na bati huchimbwa wilayani mwao. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa katika somo hili. Mawe sita hayamdhuru mtu.

Jambo la mwisho ni la mikono. Kabla ya kufunga transista yoyote, hakikisha miguu yake. BC547, uso wake bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini, ni kolekta, beisi, emita kutoka kushoto. Lakini transista nyingi za Kijapani zinazotoka katika redio za zamani, kama 2SC945, ni emita, kolekta, beisi. Kwa umbo hazitofautiani. Andika mpangilio huo kwa herufi kubwa kwenye ubao wa misumari, kisha upime kwa mita kabla watoto hawajaingia darasani.